Kioo chenye tumbo kwenye lango la depo: namna ya kukichagua na kukisimamisha

Mwezi wa tano muhindi unakauka, na kuanzia hapo mpaka mwezi wa nane lango la depo ya kooperative halipumziki. Kamyo inaingia tupu, inatoka na magunia. Wakati ule ule mama anapita na beseni kichwani, kijana anasukuma kinga, ndiyo baiskeli, yenye mifuko mitatu ya makala, na wewa anapita mbio na wateja wawili nyuma yake. Kati ya shofere na watu hawa kuna ukuta, ao ua wa matete, ao kontenera iliyowekwa tu pale. Shofere hawaoni mpaka ametoa pua ya kamyo njiani. Lakini macho yake yako nyuma ya pua ile kwa mita moja na nusu, mbili. Anapoanza kuona, chuma tayari kiko barabarani.

Kwetu Lualaba jambo hili lina uzito wake. Barabara ya taifa namba 39, inayotoka Nguba na kupita Fungurume mpaka Kolwezi, inabeba shaba na kobalti zinazotoka, na salfa, chokaa na asidi zinazoingia migodini. Magunia yetu yanapita katikati ya mizigo ile. Wengi wanakumbuka Februari 2019, karibu na kijiji cha Kabwe, kamyo ya asidi ilipogongana na basi: watu karibu 20 walikufa, wengine kwa kuunguzwa na asidi. Hatusemi kioo kingezuia ajali ile. Tunasema tu kwamba kamyo inayopita mbele ya lango lenu, hamjui imebeba nini wala shofere ameamka tangu saa ngapi. Sehemu iliyo mikononi mwenu ni lango.

Komite kadhaa zimetuuliza kuhusu vile vioo vya duara, vilivyovimba mbele, vinavyoonekana kwenye malango ya kampuni za madini. Vinasaidia? Ndiyo, vikichaguliwa vizuri na kuwekwa mahali pake. Vikiwekwa ovyo vinaweza hata kuongeza hatari, na tutaeleza kwa nini.

Kwanza ondoeni kinachofunika

Kabla ya kwenda kenkayeri, simameni langoni mtazame ni kitu gani hasa kinazuia jicho. Mara nyingi ni sisi wenyewe. Mwezi wa kumi na moja tunapanda muhindi mpaka ukingoni mwa barabara, kwa sababu udongo ule pia ni udongo. Mwezi wa kwanza umefika mita mbili na njia yote imefungwa. Mtoto akitoka kwenye muhindi ule, hakuna kioo duniani kitakachomwonyesha. Acheni mita tano za ukingo pande zote mbili za lango, pandeni pale karanga, maharage ao matembele ya viazi vitamu, vitu vinavyobaki chini ya goti. Mama wanaouza makala kwa mifuko iliyopangwa juu juu wasogee hatua kumi. Hawatakataa wakielezwa vizuri.

Kama ni ukuta wa matofali, fikirini kushusha mita tatu za mwisho mpaka urefu wa kiuno na kumalizia na senyenge. Ao rudisheni lango ndani kiasi cha urefu wa kamyo, ili isimame nje ya barabara wakati lango linafunguliwa. Kazi hii inataka fundi na siku mbili tu, na faida yake haipanguzwi wala haipasuki. Kioo ni kwa ajili ya kile kinachobaki baada ya hapo: nyumba ya jirani isiyoweza kusogezwa, kilima, kona yenyewe.

Kwa nini kina tumbo, na kinadanganya wapi

Kioo cha ukutani, kilicho bapa, kinaonyesha kipande kidogo tu cha barabara. Ukitaka kuona pande zote mbili ungehitaji kioo kikubwa kama mlango. Kioo mbinuko, yaani kile chenye tumbo mbele, kinakusanya mwanga wa pembe pana sana na kuuleta kwenye jicho moja. Ndiyo faida yake. Bei yake ni kwamba kila kitu kinakuwa kidogo, na jicho la mtu limezoea kwamba kitu kidogo kiko mbali.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme kioo chenu kimekatwa kwenye mpira mkubwa, na kutoka katikati ya mpira ule mpaka ngozi yake ni mita 2. Kamyo yenye urefu wa mita 3 kwenda juu iko mita 20 kutoka kwenye kioo. Ndani ya kioo sura yake inakuwa na sentimita 14 tu. Shofere aliye mita 5 mbele ya kioo anaiona ndogo mara tano kuliko angeiona kwa macho matupu. Ni kama kamyo iko mita 125. Atasema, "Iko mbali, nipite." Lakini kamyo inayoenda kilomita 60 kwa saa inamaliza mita 20 zile kwa sekunde moja na kidogo. Magunia bado hayajafika katikati ya barabara.

Marekani wanalazimisha vioo vya namna hii upande wa abiria viandikwe onyo kwamba vitu vilivyomo viko karibu kuliko vinavyoonekana. Hapa kwetu onyo lile tunapaswa kulifundisha kwa mdomo, kwa kila shofere anayekuja kupakia, hata akijiita mzee wa kazi. Mfundisheni hivi: kioo kikionyesha kitu, simama. Kikionyesha hakuna kitu, sogea polepole na utazame kwa macho yako. Kioo hakitoi ruhusa ya kwenda.

Kadiri tumbo linavyokuwa kubwa, ndivyo unavyoona pana zaidi na ndivyo uongo wa umbali unavyozidi. Kwa hiyo vile vioo vilivyovimba kama nusu ya chungwa vinafaa ndani ya depo, kwenye kona za rundo la magunia, ambako mtu na pusupusu yake wanaenda mwendo wa mguu. Kwenye barabara chukueni kile chenye tumbo dogo.

Jambo moja la kuondoa woga: watu wanasema kioo cha duara kinaweza kuwasha nyasi kavu ao mabua. Kile chenye shimo, kilichobonyea kama bakuli, ndicho kinachokusanya jua mahali pamoja na kuunguza. Chenye tumbo kinatawanya jua. Nyasi zenu zina adui wengine.

Ukubwa, na kitu kilichotengenezewa

Pimeni jumla ya njia mbili: kutoka kwa macho ya shofere mpaka kioo, na kutoka kioo mpaka mahali mnapotaka kuona. Ndani ya depo, kioo cha sentimita 45 kinatosha. Lango linalotokea kwenye njia nyembamba ya kijiji linataka sentimita 60. Kwenye barabara pana ya lami, chini ya sentimita 80 ni kupoteza pesa, na sentimita 100 si anasa. Kosa tunaloliona mara nyingi ni komite kununua kile kidogo kwa sababu bei ni nusu, halafu mashofere wanaacha kukitazama kwa sababu hawaoni kitu. Kioo kisichotazamwa ni pambo.

Kioo cha kweli, cha vitro, kinatoa sura safi na hakikwaruziki haraka, lakini jiwe moja linaruka kutoka kwenye gurudumu na kimekwisha. Akriliki, ile plastiki angavu, ni nyepesi na bei yake ni ya katikati. Jua la miaka linaifanya njano, na vumbi linaikwaruza. Polikaboneti inavumilia jiwe kuliko zote mbili. Inoksi haivunjiki kabisa, ila sura yake haiko safi sana, na tuseme ukweli: katika nchi hii ya shaba, chuma chochote kinachong'aa kina mnunuzi. Kwa lango la kijiji sisi tungechagua polikaboneti, ao akriliki nzito, yenye mgongo wa plastiki ambao hauna bei kwa mtu wa vyuma chakavu. Kiwe na kofia ndogo juu ya kuzuia mvua. Mkishika kioo dukani, angalieni mstari wa mlango ao wa rafu ndani yake: ukipinda vizuri kama upinde ni kizuri, ukicheza-cheza kama maji, kiacheni.

Mahali pa kukiweka

Kwa kawaida kioo kinasimama ng'ambo ya barabara, kikiangalia lango. Congo tunapita kuume, kwa hiyo gari la kwanza kumgonga anayetoka linatoka kushoto kwake. Kama mnaweza kununua kimoja tu, na pande zote mbili zimefungwa, kigeuzeni kwa ajili ya kushoto kwanza. Kuume fanyeni kazi ya kufyeka.

Msichimbe shimo kabla ya kujaribu. Mnahitaji watu watatu na kioo kidogo bapa, hata kile cha kunyolea ndevu. Wa kwanza anakaa kwenye kiti cha shofere, kamyo ikiwa imesimama kweli mahali inaposimama kabla ya kutoka. Wa pili anasimama barabarani, pale mtu wa kinga anapokuwa bado amefichwa. Wa tatu anapanda ngazi ng'ambo ya pili, anakishika kioo kidogo na kukigeuza taratibu mpaka yule wa kwanza apige kelele kwamba anauona uso wa wa pili. Uelekeo ule ndio uelekeo wa kioo chenu. Ukiangalia utaona kiko katikati ya njia mbili, ile ya jicho na ile ya mtu anayekuja. Ndivyo vioo vyote vinavyofanya kazi. Halafu rudieni zoezi na wewa mahali pa kamyo. Macho ya shofere wa kamyo yako karibu mita 2 na nusu kutoka chini, ya wewa mita 1 na nusu, na kioo lazima kiwahudumie wote. Ndiyo maana tunakiweka mita 2 na nusu mpaka 3 juu, kikiinamisha uso kidogo, na ukingo wake wa chini usiwe chini ya mita 2 na robo: mama mwenye beseni kichwani asipige kichwa pale.

Fanyeni jaribio lile asubuhi na jioni. Kioo kinachotazamana na jua la saa kumi na mbili asubuhi kinarudisha jua lile ndani ya macho ya shofere, na saa ile ndiyo kamyo nyingi zinatoka ili kufika Kolwezi kabla ya joto. Kusogeza poto hatua mbili kunaweza kumaliza shida.

Poto la mti mgumu ao la mkaratusi mnene wa sentimita 12 linafaa. Sehemu itakayoingia udongoni ibabuliwe kwa moto mpaka ngozi iwe nyeusi, mchwa wachelewe. Shimo la sentimita 80, mawe, kisha betoni iliyoinama pande zote ili maji ya mvua yatiririke. Mkitaka bomba la chuma, lijazeni betoni mpaka juu. Halitakuwa na thamani tena kwa mwizi. Buloni zikishakazwa, gongeni ncha zake kwa nyundo ili funguo isizifungue. Japani, ambako vioo hivi viko kwenye kona nyingi za vijiji, poto linapakwa rangi ya chungwa lionekane kutoka mbali. Rangi yoyote ya kung'aa inafaa, mradi isiwe ya kijani.

Kuhusu ruhusa: ng'ambo ya barabara si ardhi yenu. Kwenye barabara za taifa ni Office des Routes, ndani ya mji ni OVD, na kwenye sehemu yenye péage kuna msimamizi wake. Andikeni barua fupi, wekeni mchoro mdogo, pelekeni nakala kwa mkuu wa kijiji na polisi ya barabara. Poto lililosimama bila karatasi linaweza kung'olewa wiki ile ile, ao kuwa sababu ya mtu kuwaomba pesa kila mwezi.

Kamyo yenyewe

Kioo cha lango kinaonyesha barabara. Hakionyeshi kilicho chini ya bampa, wala ubavuni mwa trela. Na hapa tuna shida ambayo nchi nyingi hazina. Zambia, Tanzania na Afrika Kusini wanapita kushoto, na kamyo zao zina usukani upande wa kuume. Zikivuka Kasumbalesa zinapita kuume kama sisi, lakini shofere amebaki kuume, upande wa majani. Kamyo yenye usukani kushoto haioni vizuri ubavu wake wa kuume, pale mtu wa kinga anapojibana. Yenye usukani kuume haioni ubavu wa kushoto, katikati ya barabara, pale wewa anapopita. Kwa hiyo jambo la kwanza kamyo ikiingia depo, mtu wa lango aangalie usukani uko wapi, na awaambie wapakiaji upande gani ni wa hatari leo.

Umoja wa Ulaya ulitoa amri mwaka 2007 kwamba kamyo nzito zilizoandikishwa tangu 2000 zifungwe vioo vipana zaidi upande wa abiria kabla ya tarehe 31 Machi 2009, kwa sababu watu wa baiskeli walikuwa wanasagwa kwenye kona. Kamyo kuukuu zinazofika kwetu zimepoteza hata retrovizeri zile za kwanza. Kama kooperative inakodi kamyo kila msimu, wekeni kwenye mapatano: retrovizeri mbili nzima, kioo kidogo chenye tumbo chini ya kila moja, na kimoja juu ya kioo cha mbele kinachotazama chini ya bampa. Hakuna vioo, hakuna mzigo. Anayekubali sharti hili huwa pia ndiye anayelipa matairi yake kwa wakati.

Nyuma ya trela hakuna kioo kinachofika. Kamyo ikirudi nyuma lazima mtu mmoja, mmoja tu, aiongoze, akisimama mahali ambapo yeye anauona uso wa shofere ndani ya retrovizeri. Kama wewe humuoni, naye hakuoni. Watu wanne wakipiga kelele "kuja, kuja" ni sawa na hakuna mtu.

Tuseme pia juu ya watoto. Kamyo ikipakiwa, punje zinamwagika, na watoto na wamama wanaingia chini yake kuokota. Tumesikia komite zikisema, "Tuliwafukuza." Wanarudi, kwa sababu kopo mbili za muhindi ni bukari ya jioni. Kilicho rahisi zaidi ni kutandika bashi chini wakati wa kupakia, kuikunja kabla injini haijawaka, na kuwagawia punje zile nje ya lango, kamyo ikiwa imekwisha kwenda. Shofere asipewe karatasi yake ya kutoka mpaka mtu wa lango amezunguka kamyo na kuinama pande zote.

Kukitunza

Kiangazi, vumbi la barabara linafunika kioo kwa siku mbili tatu, na asubuhi za baridi za mwezi wa sita na wa saba kinalowa umande saa ile ile ya kutoka. Sentinele wa depo apewe kazi hii kwenye daftari, na jina lake: maji kwanza ili mchanga uanguke, kisha kitambaa laini chenye sabuni kidogo kwenye ncha ya fimbo. Kitambaa kikavu juu ya vumbi kinakwaruza plastiki, na petroli ao dawa ya kuondoa rangi inaifanya akriliki kuwa na ukungu usiotoka. Kila mwanzo wa mvua kazeni buloni na kurudia lile zoezi la watu watatu, maana upepo unageuza kioo kidogo kidogo bila mtu kutambua.

Kikipasuka, kishusheni siku ile ile. Shofere anayeona poto tupu anamtuma mtu ashuke kutazama barabara. Anayeona nusu ya kioo anaamini ile nusu.